Mrithi kwa Mujibu wa Kadi

Kazi ya Bertha ilikuwa kusoma karatasi za watu na kuzipunguza. Hakuna namna nyingine ya kuieleza.

Kila manamba, kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, alikuwa na bahasha yake ofisini. Ndani mlikuwa na mkataba wenye alama ya dole gumba, vipande vya kazi vya zamani, risiti za kodi, vyeti vya zahanati, na mara nyingine barua ya padre. Walioziandika karatasi hizo hawakuwa wamekubaliana juu ya lolote. Mmoja alianza na jina la baba, mwingine na kabila. Mmoja alijaza ukurasa mzima kueleza jinsi mtu alivyovunjika mguu, mwingine aliandika "mguu" akaishia hapo. Bertha alichambua humo yale yaliyotakiwa, akayageuza tarakimu, akaziweka kwenye visanduku vya fomu moja ndefu. Kisanduku kimoja, tarakimu moja, au herufi moja kama ni jina. Jambo lisilokuwa na kisanduku lilirudi ndani ya bahasha, na bahasha ikarudi kabatini.

Wasichana wawili walitoboa kadi kwa kufuata fomu hizo. Kisha kadi zilipelekwa chumba cha nyuma, ilikofungwa mashine iliyoletwa kwa meli mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na sita. Madirisha ya chumba hicho hayakufunguliwa kamwe, maana kadi ikinywa unyevu wa bahari hunenepa na mashine huitema. Mashine ilizisoma kadi, ikazipanga, ikapiga chapa barua kwa mameneja wa mashamba: nani mkataba wake umeisha, nani arudishwe kwao, nani amekufa na watu wake wakabidhiwe nani. Kazi iliyokuwa ikiwachukua makarani miezi ilikwisha asubuhi moja.

Bertha hakuwa mtu wa kushangaa mashine. Alikuwa na cheti cha chuo cha ualimu, watoto wanne, na mume wa reli ambaye siku nyingi alikuwa njiani. Kitu chochote kilichofanya kazi upesi bila kulalamika alikiheshimu.

Jumatatu moja ya masika waliingia watu wawili wakasimama kaunta. Mbele alikuwa mwanamke aliyejifunga kaniki nyeusi, vazi la msiba. Nyuma yake mwanamume wa makamo, kofia mkononi, kanzu imelowa mvua hadi magotini.

"Shikamoo, bwana," mwanamke alimwamkia Zebedayo, karani mkuu.

"Marahaba. Nyie wa shamba gani?"

Mwanamke alitoa barua kifuani, imekunjwa, akaiweka juu ya kaunta. Zebedayo aliitazama chini, palipokuwa na namba ya karani aliyesoma karatasi za mhusika. Ilikuwa tatu. Tatu alikuwa Bertha.

"Mama Elizabeti, huyu wako."

Bertha aliisoma akiwa amesimama. Mashine ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa, kama ilivyoandika kila kitu. MFU: 4417. WILAYA: TABORA. MKE: 0. WATOTO: 2. MRITHI: UWESO MWINYIJUMA. WATOTO WASAFIRI NA MRITHI HADI WILAYA YA MFU. CHUMBA KIACHWE WAZI.

"Enhe," alisema. "Kuna nini?"

"Mimi naitwa Praxeda," mwanamke alisema. "Huyo mfu ni mume wangu, Tadeo. Alifia kwenye korona, mashine ya kukamua mkonge. Mkanda ulimvuta. Meneja ameniambia lori linakuja Alhamisi kuwachukua wanangu, wapelekwe stesheni, wapelekwe Tabora. Waende na huyu. Mimi simo."

"Na huyu ni ndugu ya marehemu?"

"Ndugu!" Yule mwanamume alicheka, kicheko cha mtu asiyelala vizuri. "Mie ni mtani wake, bibiye. Uweso, Mzigua wa Pangani. Hiyo Tabora siijui hata rangi ya udongo wake. Wanyamwezi hawa babu zao walibeba mizigo ya watu mpaka mabega yakaota sugu, leo wataka Mzigua awabebee watoto mpaka kwao. Ama kweli dunia imepinduka."

"Na babu zenu waliwauzia babu zetu maji ya kunywa njiani," Praxeda alisema bila kugeuka. "Nyamaza, Uweso, watu wanasoma."

Bertha alikwenda kabatini akaitoa bahasha. Aliikumbuka alipoishika. Kwenye mkataba paliulizwa: Ukifa, aitwe nani? Tadeo alijibu: Uweso Mwinyijuma, kambi hii hii. Alijibu kweli. Kambini, Mnyamwezi akifa haipigwi mbiu nyingine yoyote kabla ya kumwita mtani wake Mzigua. Ndiye anayeosha maiti, ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayefanya mzaha katikati ya kilio ili wafiwa wasizame. Ungemuuliza manamba yeyote swali hilo angekutajia mtani, na angekushangaa kwa kuuliza. Lakini mwongozo wa Bwana wa mashine, msimamizi wa chumba cha nyuma, ulisema jibu la swali hilo liingie kwenye kisanduku cha mrithi, na Bertha aliliingiza.

Mke? Mkataba ulisema hana. Praxeda alieleza sababu mwenyewe: Tadeo alikuja Tanga peke yake kama manamba wengine, naye akamfuata baadaye, na hakuna aliyeandika mkataba upya. Ila vyeti vya zahanati vilikuwamo, viwili, kimoja kwa kila mtoto. Mtoto wa 4417. Mama: Praxeda. Bertha aliviona vile vile alivyoviona mara ya kwanza. Watoto walikuwa na kisanduku, kwa kuwa posho ya unga ilikwenda kwa idadi ya watoto. Mama hakuwa nacho.

"Jina lako nililiona," Bertha alisema. "Halikuwa na pa kuandikwa."

"Na nilipokuwa nawazaa, nilikuwa wapi?"

Bertha aliviweka vyeti juu ya kaunta. Alimgeukia Zebedayo. "Tuandike kadi mpya."

Zebedayo alivua miwani. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mtaratibu, anayefuta meza yake kabla ya kukaa na baada ya kuinuka. "Kubadili kisanduku cha mke panatakiwa cheti cha ndoa. Kiko wapi?"

"Misheni, Tabora," Praxeda alisema.

"Barua iende, ijibiwe, irudi. Ni majuma. Lori ni Alhamisi."

"Mie siendi," Uweso alisema. "Walete lori, walete meli."

"Mrithi asipokwenda, watoto wanaandikwa hawana mrithi, wanapelekwa nyumba ya mayatima. Mashine itaitoa barua hiyo siku hiyo hiyo. Mimi siitungi, ndugu yangu, inatoka yenyewe." Zebedayo alishusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatafuta mlango. "Kuna njia. Hati ya safari ina nafasi ya mke wa mrithi. Tukitia moja pale, mama huyu anapanda lori na wanawe. Mashine haiulizi."

Uweso aliitazama sakafu. "Astaghfirullah."

"Mke wa nani?" Praxeda aliuliza.

"Kwenye karatasi tu," Bertha alisema. Alisema kwa haraka, kama anavyowaambia wanawe wameze dawa. "Ni tarakimu, dada. Panda lori, shika wanao. Ukifika Tabora tarakimu inabaki huku Tanga."

"Mume wako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi anza wewe. Andika: Bertha, mke wa Uweso. Kalamu hiyo hapo. Nataka kuona mkono wako unavyokwenda."

Kalamu ilibaki pale ilipokuwa.

"Bado hata majani hayajaota juu ya kaburi," Praxeda alisema. Sauti yake haikupanda. "Watu wa kambi wamenisikia nikilia jina la Tadeo. Leo nipande lori mbele yao niitwe mke wa aliyemzika?"

Bertha aliipindua fomu, akapitisha kidole kwenye visanduku mpaka karibu na mwisho. Alikuwa anakijua kisanduku kile ingawa hakuwahi kukijaza. "Hapa. Mrithi akijitoa, amtaje atakayeshika nafasi yake. Hapaulizwi cheti. Uweso, jitoe. Mtaje Praxeda. Yamekwisha."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Si umesema hutaki kwenda?"

Uweso aliigeuzageuza kofia yake. Mzaha ulikuwa umemtoka wote. "Bibiye, pale makaburini niliwashika wale watoto mikono mbele ya watu. Nikasema hawa nimewachukua, ndio ujira wangu wa kuchimba, nitawapeleka Pangani wakachunge mbuzi. Watu wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani, huchukua kitu cha marehemu, kile kinachouma. Kisha ndugu wa marehemu huja kukikomboa. Wakileta kuku, wakileta chochote, nami naachia. Nikiwaachia bure bila kukombolewa, nimesema Tadeo alikufa kama mbwa, hana mtu. Nyapara alikuwapo, akasikia. Meneja alipomuuliza kama ni mie kweli mrithi, akasema ndiye, amewachukua watoto mbele yetu."

"Basi wakombolewe."

"Na nani? Ndugu zake wako Tabora."

"Mkewe huyu hapa!"

"Mke hakomboi," Praxeda alisema. "Mke ni mfiwa. Anayekomboa ni wa damu ya marehemu."

Bertha aliweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo kwenye kadi wewe si kitu, na kwenye mila yenu si kitu."

Zebedayo alikohoa. Uweso alitazama mlango. Praxeda alichukua barua yake, akaikunja pale pale palipokunjwa kwanza, akairudisha kifuani.

"Umesema sawasawa," alijibu, akatoka mvuani.

Kesho yake Bertha hakujaza fomu mpya hata moja. Alizitoa kabatini bahasha za Wanyamwezi wa mashamba yote ya upande wa Pangani, akasoma swali lile moja tu. Uweso Mwinyijuma. Sadalla fulani wa Mkwaja. Mzigua, Mzigua, Mzigua. Akageukia za Wazigua: huko nako warithi walikuwa Wanyamwezi watupu, wengine wamekwisha maliza mikataba yao na kuondoka. Mkono wake ndio ulioandika zote, kwa wino mzuri, bila kufuta. Alizibeba kifuani akazishusha juu ya meza ya Zebedayo, juu ya kitambaa chake cha kufutia.

"Wakifa hawa, watoto wao tunawapa watani."

"Hawafi wote, Mama Elizabeti."

"Wanakufa kila mwezi."

Zebedayo alizitazama bila kuzigusa. "Bwana amekwisha waandikia wakubwa zake kwamba kazi ya Tanga imekamilika. Unataka nikamwambie imekamilika vibaya?"

"Ndiyo."

"Aniulize ni nani aliyejaza?"

"Mwambie ni tatu."

Zebedayo alikwenda. Alikaa chumba cha nyuma kitambo, akarudi akiwa amekunja uso. Bwana alikuwa amesema kwamba kisanduku ni kisanduku, na kwamba fomu zilizokwisha pigwa chapa zinatosha miaka miwili. Zikiisha hizo ndipo wataangalia. Bertha alisema vizuri, na kwamba kuanzia siku ile kisanduku cha mrithi atakiacha wazi kwa kila mtu ambaye hakuulizwa swali la mrithi. Mashine itaitema kila kadi ya namna hiyo, Zebedayo alimwonya, na ataitwa. Bertha alisema aitwe, yeye yuko.

Jumatano asubuhi Praxeda alirudi. Safari hii alikuja na watoto, wa kike anayefika kiunoni mwake na wa kiume mgongoni, na kwapani alikuwa na kuku, tembe mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Uweso alimfuata kwa mbali, kama mtu anayepelekwa barazani kwa liwali. Wasichana wa kutoboa kadi waliacha kazi.

Praxeda alimweka kuku juu ya kaunta.

"Mama, hii ni ofisi," Zebedayo alisema.

"Najua, bwana. Nimelileta jambo hili hapa kwa sababu kambini watu wangenizuia. Hapa nitakuwa na mashahidi wanaojua kuandika."

"Praxeda," Uweso alisema polepole. "Watakusema."

"Waseme. Kesho sitakuwapo niwasikie."

"Na kwenu je? Wakuulize nani aliyewakomboa watoto wa Tadeo, utawajibu nini?"

"Nitawaambia ni mimi. Wakikasirika, watakasirika na wanangu wakiwa mbele ya macho yangu." Alimshusha wa mgongoni akamsimamisha karibu na dadake. Kisha alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kaniki yake ikagusa maji yaliyoletwa na miguu ya watu. "Mtani, ulituitikia tulipokuita. Ulimwosha, ukamlaza. Ulichukua ulichochukua. Nimekuja kuchukua changu. Tadeo hana ndugu hapa, lakini mtu anaye."

Hapo ilikuwa zamu ya Uweso, na wote waliokulia pwani ile walijua kwamba hawezi kupokea kwa kunyamaza. Mtani lazima akidharau anachopewa, ndipo kipokelewe. Alimwinua kuku akampima kwa mkono.

"Kuku gani huyu? Kifua kama cha... kama cha Mnyamwezi aliyerudi safari. Ukimchemsha utapata maji." Akamgeuza kuku upande wa pili. "Huyo bwana alikuwa mzito, jamani. Tulimbeba watu wanne. Kwa mzigo ule ndio mnaniletea hiki?"

"Ndicho kilichopo," Praxeda alisema, kama inavyotakiwa kusemwa.

"Haya. Nimepokea. Mmenidhulumu, lakini nimepokea." Alimbana kuku kwapani, akawashika watoto viganja, mmoja baada ya mwingine, akaviweka mkononi mwa mama yao. Yule wa kike alimtazama Uweso usoni kwa woga, kwa sababu siku zote hizi alikuwa anaamini kweli atapelekwa kuchunga mbuzi. Uweso aligeuka upande wa ukuta akajifuta uso kwa kofia.

Bertha alikuwa amekwisha chukua fomu. MRITHI AMEJITOA: alitia moja. ALIYETEULIWA: akaandika jina, herufi moja kila kisanduku, na herufi zote zikaingia. Akaisukuma kwa Zebedayo.

"Saini."

"Mama Elizabeti, mashine haijui kuku."

"Mashine haikuwapo kaunta. Wewe ulikuwapo. Uliona au hukuona?"

"Niliona." Zebedayo alivaa miwani, akaivua. "Bwana ataniuliza huyu Praxeda ni nani kwa marehemu."

"Kisanduku hiki hakiulizi hilo. Kwa mara ya kwanza fomu hii imenifaa kwa upofu wake."

Uweso alisogea, na kuku kwapani mwake akaachia kinyesi juu ya kaunta, kando kidogo tu ya karatasi. Zebedayo alikitazama, akatafuta kitambaa chake, akafuta pale kwa uangalifu wote. Kisha alitia saini.

Kadi ilitobolewa wakiwa wamesimama. Waliisikia mashine nyuma ya mlango, ikaguna, ikatulia, na msichana akaleta barua. Bertha alimpa Praxeda, na Praxeda akamrudishia.

"Nisomee. Yote, usiruke."

"Mfu, 4417. Wilaya, Tabora. Mrithi amejitoa. Aliyeteuliwa, Praxeda. Watoto wawili wasafiri na aliyeteuliwa. Treni hadi Korogwe, basi hadi Morogoro, treni hadi Tabora."

"Umeruka."

Bertha alikuwa ameruka kweli. "Mke, sifuri."

"Bado?"

"Bado. Kisanduku hicho ndicho kinachotaka cheti."

"Kwa hiyo Tadeo hakuoa."

"Kwenye kadi, hakuoa."

"Na mimi humo ni nani?"

"Mtu aliyeteuliwa na Uweso."

Mtoto mdogo alikuwa ameanza kulia kwa njaa, na Praxeda alimbeba tena mgongoni, akaifunga kaniki kwa nguvu kifuani, kazi iliyompa nafasi ya kutomtazama mtu yeyote.

"Nikifika nitakwenda misheni nikatafute kile cheti," alisema. "Nitawaletea kwa posta, mrekebishe."

Zebedayo aliitikia kwa kichwa, vizuri, kama mtu anayeahidi. Bertha hakuitikia. Alikuwa amezoea kusema kitu kilivyo, na hakuona kwa nini mjane adanganywe kuliko mtu mwingine.

"Usijisumbue kututumia, dada. Kadi za waliokufa hufungwa pamoja mwisho wa mwezi. Hazifunguliwi tena."

Praxeda alinyoosha mkono apewe barua.

"Basi nitakitafuta, nikae nacho," alisema.

Aliichukua barua, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Bertha hakumfuata mlangoni. Neno la kumfariji lililokuwa la kweli hakuwa nalo, na la uongo hakulitaka.